Kuonyesha si Kushirikisha: Uhakiki wa Uhalisia Ulioongezwa Darasani

Siku hizi walimu wanahimizwa watumie darasani kile kiitwacho uhalisia ulioongezwa, yaani ufundi wa kupachika taswira iliyoundwa na tarakilishi juu ya vitu halisi ambavyo mtu huviona kupitia kioo cha simu au cha tarakilishi. Wanaoutetea ufundi huu hudai kwamba humshirikisha mwanafunzi kuliko ubao na chaki. Makusudi ya makala haya ni kulipima dai hilo, na hasa neno lenyewe "kushirikisha", ambalo laelekea kutumiwa pasipo uangalifu.

Yafaa tuanze na istilahi. Katika uhakiki wa fasihi, uhalisia ni mkabala wa msanii anayekusudia kuyaeleza maisha jinsi yalivyo. Katika istilahi hii mpya, uhalisia ni vitu vyenyewe vilivyo mbele ya mtazamaji. Basi usemi "uhalisia ulioongezwa" wamfanya mtu adhani kwamba hali halisi imezidi, ilhali kilichozidi ni picha tu. Picha ya moyo wa binadamu ikionekana juu ya dawati, dawati halikupata moyo. Jambo hili si la maneno matupu. Anayeamini kwamba ameongezewa hali halisi hataona haja ya kuuliza picha ile imechorwa na nani, na kwa mtazamo upi.

Kuhusu ushiriki, mfano wa kufaa ni utafiti uliofanywa Uingereza na Lucinda Kerawalla na wenzake, uliochapishwa mwaka 2006. Watoto wa umri wa miaka 10 walifundishwa uhusiano wa dunia, jua na mwezi. Baadhi yao walitumia ufundi huu: mtoto alishika kadi yenye alama mbele ya kamera, na kwenye skrini akajiona ameishika dunia. Wengine walifundishwa kwa njia za kawaida. Watafiti walipoyachambua mazungumzo baina ya walimu na watoto, waliona kwamba waliotumia chombo kipya walishiriki kwa kiwango cha chini kuliko wenzao. Kwa maoni yetu, sababu haiko mbali. Taswira ikishakamilika, mtoto hubakiwa na kazi ya kuitazama na kuieleza. Anayelazimika kuigiza mwezi kwa mwili wake hana budi kuamua asimame wapi na azunguke vipi.

Hata hivyo, haifai kuhukumu kwa kuegemea upande mmoja. Iulian Radu, alipozilinganisha tafiti nyingi mwaka 2014, alionyesha kwamba chombo hiki chaweza kuongeza hamu ya kujifunza, kusaidia kukumbuka, na kurahisisha kuelewa mambo yahusuyo umbo na nafasi. Alionyesha pia kwamba wapo wanafunzi ambao umakini wao hutekwa na chombo hata wakayaacha mengine ya somo. Hapana shaka, basi, kwamba mwalimu wa sayansi ana la kufaidi. Swali letu ni la mwalimu wa lugha na fasihi.

Kitenzi "kushirikisha" ni cha kauli ya kutendesha, kilichojengwa juu ya "kushiriki", yaani kuwa na fungu katika jambo. Anayeshirikishwa ni mtendwa kisarufi, lakini kimaana ni mtendaji: asipotenda, hakushirikishwa. Aliyekodoa macho kwa mshangao amevutiwa tu. Tofauti hii mtambaji wa ngano aliijua zamani. Asemapo "Paukwa!" hungoja aitikiwe "Pakawa!" kabla ya kuendelea, na zimwi alitajapo, kila msikilizaji hujichorea lake kutokana na maneno aliyoyasikia. Wasikilizaji 30 huwa na mazimwi 30. Chombo kikiwachorea, watakuwa na zimwi moja, tena la mchoraji wasiyemjua. Kilichopotea hapo ni kazi ya neno, na kazi hiyo ndiyo somo la fasihi.

Lipo pia suala la umiliki. Google ilianzisha Expeditions, programu ya ziara za kielimu kwa picha, mwaka 2015, na mwaka 2017 ikaanza kuitia uhalisia ulioongezwa. Mwaka 2021 programu hiyo ilifungwa. Mwalimu aliyekuwa amejenga masomo yake juu yake alilazimika kutafuta msingi mwingine. Hapa Kenya, ambako serikali ilianza kugawa vishikwambi kwa wanafunzi wa shule za msingi mwaka 2016, funzo hili lafaa kuzingatiwa. Kumiliki kifaa si kumiliki somo.

Hatupendekezi chombo kikataliwe. Twapendekeza mpangilio wa kazi ugeuzwe. Ngano isikilizwe kwanza bila picha. Wanafunzi waeleze, kwa Kiswahili chao, zimwi walilojichorea na maneno yaliyowaongoza. Kisha taswira iletwe ihakikiwe kama ihakikiwavyo tafsiri yoyote: imeacha nini, imeongeza nini, na kwa idhini ya neno gani la matini. Hapo picha itakuwa hoja ya kujibiwa. Na ikiwa umeme utakatika katikati ya somo, mjadala utaendelea.