Kuipima Programu ya Takwimu

Mtu atakaye kuijua thamani ya programu ya takwimu asighurike na wingi wa tarakimu inazozitoa, kwa kuwa tarakimu kumi na tano zaweza kujipanga baada ya nukta kwa nidhamu ya kupendeza, hali ya kuwa hata ile ya kwanza yao si sahihi. Jambo hili lilidhihirika mwaka 1967, pale Mmarekani James Longley alipozitahini programu za zama zake kwa takwimu za ajira za nchi yake, miaka 16 tangu 1947 hata 1962, pamoja na mambo sita ya kuielezea ajira hiyo, yakiwamo pato la taifa, idadi ya watu na mwaka wenyewe. Alikokotoa jibu lake kwa mashine ya mezani, kisha akaona majibu ya kompyuta yakihitilafiana na lake, na yakihitilafiana yenyewe kwa yenyewe, mengine tangu tarakimu ya kwanza. Takwimu hizo zimo hata leo ndani ya programu ya R, na mnunuzi mwenye hadhari huanza nazo.

Asili ya hitilafu ni hii. Kompyuta, kwa kanuni iliyowekwa mwaka 1985, huhifadhi namba kwa tarakimu zipatazo 16 tu, na matriksi, yaani jedwali la namba, ambayo safu zake za wima zakaribia kufuatana huzila tarakimu hizo inapopinduliwa ili kupata kinyume chake. Udhaifu huo una kipimo chake: kila kipimo kizidipo mara kumi, tarakimu moja huwa hatarini. Chukua safu mbili tu, moja ya namba 1 tupu na nyingine ya miaka ile 16 ya Longley. Kipimo chake ni kama 829,000, yaani tarakimu sita hivi zimo mashakani, na hasara hiyo yavumilika. Lakini ukifuata kanuni ya vitabuni, ya kuizidisha matriksi kwa pindu lake (yaani safu zake za wima zikiwekwa kuwa za mlalo) ndipo utafute kinyume, kipimo hujizidisha chenyewe kwa chenyewe kikafika karibu bilioni 687, na katika tarakimu 16 zabakia nne za kutumainiwa. Sasa toa 1954.5, ambao ndio wastani, katika kila mwaka kabla ya kuanza: kipimo hushuka hadi 4.6, wala hapana habari hata moja iliyopotea. Mimi nauona huu kuwa ustadi bora kuliko wote katika kazi hii, na ni ajabu kwamba wengi huupuuza.

Kwa hiyo programu iliyotengenezwa na fundi aghalabu haipindui matriksi kabisa. Huzigeuza safu zikawa pembe mraba zenyewe kwa zenyewe, kwa njia aliyoieleza Householder mwaka 1958 na ambayo Golub aliitumia mwaka 1965 katika hesabu ya miraba midogo kabisa, na hivyo kipimo husalia kilivyo bila kujizidisha.

Jaribio la kulitambua hilo ni dogo. Andika safu ya kwanza 1, 0.00000001 na 0. Ya pili 1, 0 na 0.00000001, jibu linalotakiwa liwe jumla ya safu hizo mbili, na usiongeze safu nyingine yoyote. Kila safu yapaswa kupewa uzito wa 1. Programu izidishayo kwanza hukuta 1 iliyoongezewa 0.0000000000000001, na nyongeza hiyo kompyuta haiwezi kuishika, basi nafasi zote nne za matriksi huwa 1 na kinyume hakipo. Ikikiri kwamba imeshindwa, ina insafu. Ikitoa namba pasipo onyo, iache, hata kama sura yake yavutia na bei yake ni nafuu. R, kwa mpaka wake wa kawaida wa kukadiria, huiacha safu ya pili na kuandika NA mahali pa uzito wake, na huo ni ukali ninaoukubali, maana mtumiaji huambiwa wazi ni safu gani iliyokataliwa; akiulegeza mpaka huo kwa hiari yake, hupata 1 na 1, sahihi kwa tarakimu kama nane.