Rangi na Kivuli Katika Picha

Watu wengi hudhani kwamba picha isiyo na rangi ni ya zamani na picha ya rangi ni ya kisasa, kana kwamba moja ni mzee aliyestaafu na nyingine ni kijana aliyerithi kazi yake. Dhana hii ina ukweli mdogo na upotovu mwingi. Mwaka 1899 Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia katika chuo cha Oxford, alifika kilele cha Batian katika Mlima Kenya. Msafara wake ulirudi na picha za namna mbili: picha za kawaida, na picha za rangi zilizopigwa kwa njia ya Mmarekani Frederic Ives. Kwa hiyo mlima ule ambao watoto wa Meru na Embu huutazama kila asubuhi mawingu yakiwa hayajaufunika, ulikwisha kupigwa picha ya rangi kabla reli haijafika Kisumu.

Njia ya Ives yastahili kuelezwa, maana ina somo ndani yake. Mtu huyu hakuwa na filamu yenye rangi hata kidogo. Alipiga picha tatu za kitu kimoja, zote zisizo na rangi: ya kwanza kupitia kioo chekundu, ya pili kupitia kioo cha kijani, na ya tatu kupitia kioo cha buluu. Kisha picha hizo zilitazamwa kwa pamoja katika chombo maalumu, kila moja ikimulikwa kwa rangi yake, nalo jicho la mtazamaji likaziunganisha zikawa picha moja yenye rangi. Kazi hiyo ilitaka nuru nyingi na kitu kitulivu. Mlima hutulia, mtu hupepesa macho. Hata kamera ya simu ya leo haikuiacha mbali njia hiyo, kwa kuwa sehemu yake inayopokea nuru hupima wingi wa nuru tu, nyuma ya vichujio vidogo mno vyekundu, vya kijani na vya buluu. Rangi, basi, ni binti wa kijivu, na wanaozifanya namna hizi mbili kuwa maadui hawajui ukoo wao.

Nimeanza hivyo ili swali la umri liondoke njiani. Swali lililo sawa ni jingine: maana ya kitu hiki imekaa wapi, katika rangi yake, au katika umbo lake na nuru iliyokiangukia? Mpiga picha asiyejiuliza hivyo huchagua kwa mazoea, na mazoea ni mshauri mvivu.

Chukua mfano wa mbuni. Kahawa ilishikwa na walowezi kwa muda mrefu, hata katika miaka ya 1930 wakulima Waafrika wa Meru na Embu wakaanza kuruhusiwa kuilima. Tangu hapo mwenye shamba amekuwa msomi wa rangi nyekundu. Tunda la kijani haligusi, lenye umanjano hulingoja, jekundu hulichuma, lililokauka likawa jeusi hulitenga. Huko kiwandani, kabla ya mizani, mavuno humwagwa chini na kuchaguliwa kwa mikono, maana kahawa iliyochanganyika hushuka daraja, na katika nyumba nyingi daraja ya kahawa ndiyo karo ya mtoto. Sasa lipige picha tawi la mbuni kwa filamu isiyo na rangi. Wekundu wa tunda na ukijani wa jani, ambavyo jicho huvipambanua kwa mbali, aghalabu huangukia katika kijivu kimoja. Lililoiva na lililo bichi hufanana kama mapacha, na kazi yote ya mchumaji, ujuzi wake na subira yake, haionekani. Mpiga picha hodari aweza kuweka kioo chekundu mbele ya lenzi, matunda yakang'aa na majani yakaingia gizani. Hila hiyo ni nzuri, walakini hapo atakuwa ameitengeneza tofauti badala ya kuionyesha, na mtazamaji asiyejua kahawa atadhani kwamba tunda lililoiva ni jeupe.

Jambo kama hilo, tena zito zaidi, limeipata bendera yetu. Ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, na kila mwanafunzi anajua kusoma rangi zake: nyeusi ni watu, nyekundu ni damu iliyomwagwa, kijani ni ardhi, nyeupe ni amani. Picha tunazoonyeshwa mara nyingi za siku zile hazina rangi. Ndani yake watu na amani hubaki wakijulikana, lakini damu na ardhi hukaribiana katika kijivu hata mtu asiweze kuzitenga. Aliyeziona picha hizo tu angejua kwamba bendera ilipanda, asijue ilisema nini.

Hata hivyo, haitakuwa haki kusikiliza upande mmoja wa shauri. Ipo picha ya Desemba 1963 inayomwonyesha Jomo Kenyatta pamoja na Musa Mwariama, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau kutoka Meru, aliyetoka msituni bila ya kukamatwa. Haina rangi, nami sioni kwamba imepungukiwa na kitu. Nguvu yake yote imo katika kukaribiana kwa watu wawili: mmoja ametoka kifungoni akawa Waziri Mkuu, mwenziwe ametoka msituni na nywele ndefu zilizosokotwa, na miaka ya maficho ingali usoni pake. Hapana jani wala kitambaa cha kumvuta mtazamaji pembeni. Siku hizi wako watu wanaozipaka rangi picha za namna hii kwa kompyuta, wakisema kwamba wanazihuisha. Kompyuta haikuwako msituni. Hulipa koti rangi ya udongo kwa kuwa makoti mengi iliyopata kuonyeshwa yalikuwa na rangi hiyo, na anayetazama hupokea dhana kama ushahidi. Kijivu kilikuwa kinyamavu. Rangi hii inasema yasiyojulikana.

Wapiga ngoma wa Chuka nao hawahitaji rangi sana. Ngoma ndefu iliyobanwa kati ya miguu, mwili ulioinama, ngozi ya mbega ambayo yenyewe ni nyeusi na nyeupe: hayo ni mambo ya umbo na mwendo.

Kuna jambo jingine ambalo wasifu wa rangi hulipita haraka. Filamu za rangi za katikati ya karne ya ishirini zilipimwa kwa sura za wanawake wa Kizungu. Kadi za vipimo za kampuni ya Kodak ziliitwa Shirley, kwa jina la mwanamke mmoja aliyepigwa picha ya kupimia. Matokeo yake, mtu mweusi aliposimama karibu na mtu mweupe, aghalabu uso wake ulizama gizani yakabaki macho na meno. Yasimuliwa kwamba miongoni mwa waliolalamika hata filamu zikarekebishwa walikuwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutoka vizuri. Yaani mbao zilisikilizwa mapema kuliko nyuso! Katika miaka hiyo, mpiga picha wa mji mdogo aliyebaki na filamu isiyo na rangi, akaipima nuru kwa ajili ya ngozi iliyo mbele yake, yamkini alimtendea mteja wake heshima kubwa kuliko mwenziwe aliyekimbilia rangi.

Lakini leo sababu hiyo imepungua nguvu, na imezuka desturi ambayo siipendi. Wazee wa Njuri Ncheke wana makao yao Nchiru, katika Tigania, na hadi sasa husikiliza mashauri. Mgeni huja na kamera ya rangi, huwapiga picha, kisha akirudi kwake huifuta rangi kwa kugusa kitufe. Kama alichokiona ni mikunjo ya uso na nuru ya jioni juu yake, na aifute. Amechagua kwa jicho. Walakini mara nyingi alichokitaka ni ukale. Wazee hao walikuja barazani kwa pikipiki, na simu zao zimo mifukoni. Picha huwaondoa miongoni mwa walio hai na kuwapanga pamoja na marehemu wa mwaka 1910, nao hawakuulizwa. Mjukuu wa mmoja wao akiikuta picha hiyo imetundikwa ukutani mwa hoteli, atauliza babu alifariki mwaka gani, na babu yuko nyumbani anakunywa uji.