Ufanisi kwa Nani? Uhakiki wa Hoja ya Tiba ya Kujisaidia Mtandaoni kwa Wagonjwa wa Sonona, kwa Kurejelea Zagayu, Simiyu

Hoja ya wanaotetea tiba ya kujisaidia mtandaoni ni nyepesi kueleweka: wataalamu wa afya ya akili ni wachache na simu ni nyingi, basi simu na izibe pengo. Sehemu hii inaihakiki hoja hiyo kwa kuipima katika mazingira ya Zagayu, kata iliyomo katika Itilima, wilaya iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012. Inadai kwamba kinachoitwa ufanisi wa programu, kwa sehemu kubwa, ni ufanisi wa mtu anayemfuatilia mgonjwa.

Uchambuzi wa Karyotaki na wenzake (2017), uliounganisha data za majaribio 13 yenye washiriki 3,876, ulionesha kuwa programu zisizo na msimamizi hupunguza dalili, ila kwa kiwango kidogo. Gilbody na wenzake (2015) waliwachunguza wagonjwa 691 nchini Uingereza, wasione nafuu iliyozidi ile ya huduma ya kawaida ya daktari. Kwa kawaida washiriki walikamilisha kikao kimoja au viwili tu. Ikiwa ndivyo ilivyo mahali penye umeme na intaneti ya uhakika, mtafiti hawezi kudhani kuwa tafsiri nzuri ya Kiswahili itatosha miongoni mwa wasemaji wa Kisukuma.

Hapa istilahi nayo ina uzito. "Sonona" ni neno la wataalamu. Mgonjwa husema ana mawazo. Jijini Harare, Chibanda na wenzake (2016) walianzia kwenye neno la Kishona *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi, na wagonjwa wakahudumiwa benchini na wahudumu wa kawaida waliopewa mafunzo. Katika jaribio hilo la watu 573, baada ya miezi sita waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache kuliko wenzao. Nchini Uganda, Bolton na wenzake (2003) walipata matokeo yanayoelekea huko kwa tiba ya vikundi vijijini. Kinachoziunganisha tafiti hizi mbili ni kuwapo kwa msikilizaji.

Suala zito zaidi ni la kimaadili. Swali la tisa la dodoso la PHQ-9 huuliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Programu isiyo na mtu hulihifadhi jibu, lakini haimfikii aliyejibu. Aidha, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa; aliyewahi kujaribu ana sababu ya kuficha, hasa akitumia simu ya familia. Alama yake ndogo itasomwa kuwa nafuu, kumbe amenyamaza.

Kwa hiyo, utafiti wa aina hii mkoani Simiyu unapaswa kulinganisha programu peke yake na programu inayoambatana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kuwahesabu walioacha njiani kuwa sehemu ya matokeo, na kuandaa njia ya dharura kabla swali la kwanza halijaulizwa. Usipofanya hivyo, utakuwa umepima uvumilivu wa wenye simu, na wagonjwa wa Zagayu watabaki nje ya hesabu.