Mkongojo wa Stephen

Mpenzi wa picha za kauboi anaijua kanuni: steringi hafi, na adui mkubwa ni yule mwenye bastola ya haraka. Django Unchained, filamu ya Quentin Tarantino iliyotoka Desemba 2012, inaitii nusu ya kwanza na kuigeuza ya pili. Adui anayetisha kuliko wote humo ni mzee wa miaka 76, mtumwa, anayetembelea mkongojo.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Mwaka 1858, huko Texas, Django (Jamie Foxx) anatolewa minyororo na Dk. King Schultz, Mjerumani aliyeacha kung'oa meno akageukia kuwinda wahalifu kwa malipo. Wawili hao wanafika Mississippi kumtafuta Broomhilda, mke wa Django, ambaye sasa ni mali ya Calvin Candie, mwenye shamba la Candyland. Wanajifanya wanunuzi wa watumwa wa kupiganishwa. Wakimwomba Candie waziwazi, atapandisha bei au atakataa kabisa.

Watu huigombania filamu hii kwa sababu ya damu. Kwangu damu yake ni ya aina mbili, na mkono uliozitenganisha ni wa fundi. Bastola ikilia, damu inaruka kupita kiasi, ya kuchekesha, kama ilivyo desturi ya picha za kauboi za Kiitaliano ambazo Tarantino anazihusudu. Lakini mtumwa anaporaruliwa na mbwa, mzaha unakoma. Tunaona kwa vipande vifupi, zaidi nyuso za wanaotazama. Baadaye sana, mwanamke akipiga Für Elise kwenye kinubi, vipande vile vinamrudia Schultz akilini, naye anashindwa kuvumilia muziki. Spike Lee alisema hataitazama filamu hii, kwamba ni kuwakosea heshima mababu zake. Namwelewa. Neno la kuwatusi Weusi linatamkwa humo zaidi ya mara mia, na kuna nyakati nahisi mwandishi analifurahia. Hata hivyo mtu aliyewatenganisha mbwa na bastola kwa uangalifu huo alikuwa anajua anachokifanya.

Turudi kwa mzee. Anaitwa Stephen, mkuu wa watumishi wa nyumbani, na anaigizwa na Samuel L. Jackson. Mara ya kwanza tunamkuta anaandika: anatia saini hundi kwa niaba ya bwana wake. Ni sekunde chache tu, kisha anatoka nje kupokea msafara na kuwa mtu mwingine, amepinda mgongo, midomo inamchezacheza, anabwata kwa sababu mtu mweusi amekuja amepanda farasi. Analalamika mpaka anachekesha, na hundi unaisahau. Jackson ametutegea hapo hapo.

Kwenye chakula cha jioni kazi yake ni kusimama karibu na kiti cha Candie na kuitikia. Bwana akimaliza sentensi, mzee anadaka maneno ya mwisho na kuyarudia, anacheka kabla wengine hawajacheka. Uitikiaji huo unaonekana upuuzi, lakini ndio unaompa ruhusa ya kubaki chumbani na kusikia kila bei inayotajwa. Na wakati mdomo unaitikia, macho yanapiga hesabu. Broomhilda anahudumia meza. Anajitahidi kutomwangalia Django, na kujitahidi huko ndiko kunakomfichua. Stephen haamini upesi. Anajaribu: anamtania binti, anataka wageni waonyeshwe makovu ya mgongoni mwake, na anapochokoza hivyo anamchungulia Django usoni. Yote haya yanapita katikati ya sahani na mazungumzo ya biashara. Fred Raskin, aliyekalia kiti cha uhariri baada ya Sally Menke kufariki mwaka 2010, anaiacha meza ichukue muda wake bila kuiharakisha. Mwenye kusubiri risasi atachoka. Mwenye kumfuata Stephen atakosa pumzi.

Halafu anamwita Candie maktabani. Candie akiingia, mzee ameshakaa kitini, glasi ya brandi mkononi, wala hasimami. Sauti imeshuka, mgongo umenyooka, kutetemeka kumepotea. Anamfungulia macho taratibu, kama mjomba na mpwa mzito wa kuelewa: wageni hawa hawakuja kwa ajili ya wapiganaji, wamekuja kwa ajili ya msichana. Hapo unaikumbuka ile hundi, na unajua nyumba hii inaendeshwa na nani.

Kinachofuata ndicho kinachosimuliwa zaidi. DiCaprio, aliyemwigiza Candie, anakata fuvu kwa msumeno, anapiga meza, glasi inamkata kiganja kikweli naye anaendelea kuigiza mkono ukivuja damu. Anastahili sifa zake. Ila hasira yote ile ni ya kuazima. Aliyeiwasha ni yule wa maktabani. Na Broomhilda, aliyekuwa auzwe kwa bei ya kutupa, sasa bei yake ni dola 12,000.

Baada ya Candie na Schultz kufa filamu inalegea. Inachukua dakika 165, na ningeipunguzia kadhaa hapo, nikianza na zile ambazo Tarantino mwenyewe anatokea akiongea lafudhi ya Kiaustralia isiyomkaa. Lakini Jackson bado ana karata moja. Amebaki peke yake na Django ukumbini, anauachia mkongojo uanguke na kutembea wima. Hakuwa kilema. Uchechemeaji wote ule, filamu nzima, ulikuwa mavazi ya kazi, na mwigizaji aliutunza bila kutukonyeza hata mara moja.

Oscar ya mwigizaji msaidizi ilikwenda kwa Christoph Waltz kwa kumwigiza Schultz, na sina ugomvi naye; ana ulimi mtamu na anastahili. Jackson hakuteuliwa hata kuwania. Nadhani wapiga kura nao walimtazama yule mzee wa mlangoni, wakacheka, wakaisahau hundi.