Fungate ya Injini

Mtu akinunua pikipiki mpya Dar es Salaam, kitu cha kwanza anachokilinda ni nailoni. Kiti hubaki na plastiki yake ya dukani mpaka ipauke na kuchanika pembeni, tangi huvikwa koti la manyoya, na vioo hufutwa kila abiria anaposhuka. Injini, ambayo ndiyo pikipiki yenyewe, hupigwa resi siku hiyohiyo pale kijiweni ili wenzake wasikie mlio, na kabla jua halijatua imeshapandisha mshikaki wa watu watatu vilima vya Kimara. Mwenye pikipiki huyo si mzembe. Nailoni inathibitisha kwamba anajua kutunza. Tatizo ni kwamba anatunza kile anachokiona.

Nataka kuusifu ufundi wa kitu kisichoonekana: kuizoesha injini mpya katika kilomita zake elfu moja za mwanzo. Ni ufundi usio na cheti wala ujira, na ukifanywa vizuri matokeo yake ni kwamba hakuna kinachotokea. Miaka inapita, gari halili oili, halitoi moshi wa buluu asubuhi, na mwenyewe anawaambia watu kwamba injini za aina hii ni imara. Hamkumbuki aliyeliendesha wiki ya kwanza, hata kama alikuwa ni yeye.

Kiwanda hakimalizi kutengeneza injini. Najua kauli hiyo inawakera wauzaji, lakini hebu tazama ndani ya silinda. Tundu lake likishachongwa, hupitishwa mawe ya kunolea yanayozunguka huku yakipanda na kushuka, nayo huacha ukutani mikwaruzo myembamba iliyopishana kwa mshazari, ya kushoto juu ya ya kulia. Chukua silinda mpya ya pikipiki kwenye duka la spea, ielekeze kwenye mwanga, uizungushe taratibu: utaiona mikwaruzo hiyo ikiwaka na kuzima. Asiyejua hurudisha mzigo dukani akidhani ameuziwa kitu kilichokwishatumika. Kumbe imekusudiwa. Mabonde yake huhifadhi oili. Vilele vyake hungoja ringi ya pistoni ije ivisugue mpaka vilale, na katika kusugua huko ringi nayo husuguliwa, hadi uso wake ukubaliane na uso wa ukuta. Siku hizi viwanda vikubwa huvipunguza vilele hivyo mapema kwa mawe laini zaidi, ndiyo maana injini za leo zinasamehe kuliko za zamani. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo jiwe haliwezi kulifanya kwa niaba ya ringi. Ringi hii haijawahi kukutana na silinda hii ikiwa imepata moto, ina mzigo, na mafuta yanaungua juu yake. Anayewakutanisha ni dereva, na hiyo ndiyo fungate yao, siku chache za mwanzo ambazo hazina marudio.

Hazina marudio kwa bei nafuu, niseme hivyo. Ringi isipokaa sawasawa mapema, oili iliyobaki ukutani huungua na kujenga utando mgumu unaong'aa, na mafundi watakwambia silinda imekuwa kioo. Ringi huteleza juu ya kioo hicho bila kukishika, oili hupanda juu, gesi hushuka chini, na dawa yake ni kuifungua injini, kuinoa silinda upya kwa mawe, kuweka ringi mpya na kuanza tena kilomita ya kwanza.

Hapa ndipo hata waangalifu wanapopotea. Wamesikia kwamba injini mpya huendeshwa polepole, basi wanaiendesha polepole, gia kubwa mwendo mdogo, wakikwepa kila kilima. Lakini ringi haiusukumi ukuta kwa mkunjo wake peke yake. Mafuta yakilipuka, gesi hupenya nyuma ya ringi na kuikandamiza ukutani. Ukikanyaga mafuta kiasi, msukumo unaongezeka na ringi inafanya kazi yake. Ukiachia mguu, msukumo unapungua, oili inapata nafasi ya kuosha unga wa chuma na kupoza kilichopata moto. Injini iliyonyimwa mzigo ringi zake hazikai. Injini iliyobebeshwa mzigo wote kwa mpigo joto lake hupanda, utando wa oili ukakatika, chuma kikala chuma. Njia ipo katikati ya hayo mawili, na katikati hiyo inahamahama kila dakika kufuatana na kilima, upepo, mzigo na jua. Kama ingekuwa inasimama mahali pamoja, wala nisingeuita ufundi.

Vitabu vya magari vinayasema haya kwa lugha kavu. Vya Toyota humtaka mwenye gari jipya aepuke breki za ghafla kwa kilomita 300 za kwanza, asivute tela kabla ya kilomita 800, na mpaka kilomita 1,000 asikimbie kupita kiasi, asikanyage mafuta kwa pupa, asikae kwenye gia ndogo muda mrefu, wala asishike mwendo mmoja kwa muda mrefu. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote, nami naona ndilo lenye siri nzima. Mtu anayetoka Dodoma hadi Singida kwa kilomita 60 kwa saa bila kubadilisha, akijisifu kwa ustaarabu wake, ameiacha injini yake bila kufundishwa chochote isipokuwa kilomita 60 kwa saa.

Anayedhani natia chumvi aende uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, akaulize mafundi wa ndege ndogo za mafunzo. Injini nyingi za Lycoming zinazoendesha ndege hizo, zikiwa mpya au zimefungwa silinda mpya, hutiwa oili ya madini isiyo na viongezeo kwa saa 50 za mwanzo, au mpaka zitulie katika kula oili. Sababu ni kwamba oili hiyo haizuii msuguano unaotakiwa. Kisha rubani huambiwa aruke na nguvu nyingi, asilimia 65 hadi 75 ya uwezo wa injini, na asizungukezunguke uwanjani kwa nguvu ndogo. Kuibembeleza ndiyo njia ya kuiharibu. Huko angani, ambako injini ikizima huwezi kuegesha pembeni na kuweka majani barabarani, wamechagua kuipa kazi.

Gari si ndege, na sisemi mtu atoke dukani akanyage mpaka chini. Nasema asikilize. Dereva mzuri wa gari jipya utamjua kwa mguu wake wa kulia, ambao hautulii wala hauna haraka. Anaingia gia ya tatu, anakanyaga hadi nusu, gari linapanda kutoka 40 hadi 70, anaachia, linashuka lenyewe hadi 50, anakanyaga tena. Asubuhi haliwashi na kuliacha lingurume nusu saa uani kwa imani kwamba analipasha. Anasubiri kidogo oili ifike juu, anaondoka taratibu, na kulipasha moto akiwa njiani. Kwenye foleni ya Ubungo anasikitika, maana dakika arobaini za kusimama na kusogea hazifundishi ringi lolote. Akiwa na uchaguzi, hupeleka gari lake jipya kwenye barabara ya vilima vya wastani na magari machache, aende na kurudi. Majirani watasema anaringa.

Waliobobea kabisa katika ufundi huu kwa upande wetu, nadhani, ni madereva wa IT, wale wanaochukua magari bandarini Dar es Salaam na kuyapeleka mpakani, yakielekea Zambia na Kongo. Mengi wanayopeleka ni mitumba, lakini malori mapya yapo. Kutoka Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Maana yake fungate yote ya lori hilo, au karibu yote, hupita mikononi mwa mtu ambaye halijui tena baada ya kukabidhi funguo. Tajiri aliyeko Lubumbashi atapokea injini iliyolelewa vizuri au iliyoharibiwa, na hatajua ipi ni ipi mpaka miaka ipite. Ni njia nzuri, hata hivyo, kwa anayetaka kuitumia. Kuna tambarare ya kuelekea Morogoro. Kuna Mikumi, ambako sheria yenyewe inakulazimisha kupunguza mwendo kwa ajili ya wanyama. Halafu Kitonga, kona juu ya kona, na baada ya Iringa nyanda za juu zenye baridi inayoisaidia injini kupoa.

Mzee mmoja wa malori aliyezeekea njia hiyo alinieleza anavyopanda Kitonga na lori jipya.

"Mwanangu, pale hulipandishi, unaliongoza. Shusha gia mapema kabla halijaanza kukulilia. Sindano ya joto ikitaka kusogea usiingoje ifike, punguza mafuta. Wanaokupigia honi waache wapite, wewe hujainunua barabara."

Nikamwuliza kama matajiri wanamlipa zaidi kwa uangalifu huo. Akacheka tu.

Mambo mengine ya gari jipya hayahitaji maneno mengi. Tairi mpya huwa na utelezi wa kiwandani juu yake, kwa hiyo kona za siku za kwanza ziende kwa adabu, hasa kwenye mvua na hasa kwa pikipiki. Pedi za breki zinatakiwa kujipaka kidogo kwenye diski: unapunguza mwendo kwa nguvu ya wastani mara kadhaa bila kusimama kabisa, unaacha zipoe, basi. Difu na gia nazo zina meno yanayozoeana, ila hufanya hivyo kimyakimya ukiwa unashughulikia injini.

Oili ndiyo yenye ubishi. Pikipiki za Bajaj, ambazo ndizo zimejaa vijiweni, huagizwa huduma ya kwanza kati ya kilomita 500 na 750, na natamani kila anayenunua moja asimame pembeni ya fundi siku hiyo badala ya kwenda kunywa chai. Oili inatoka bado ina rangi yake, haijawa nyeusi. Ikishikwa na jua ndani ya beseni, inametameta vipunje visivyoweza kushikwa na vidole. Hivyo ni vile vilele vya ukutani, pamoja na meno ya gia yaliyokuwa na ncha. Baada ya hapo oili inayofuata haitametameta hivyo tena, na ikifanya hivyo una kesi nyingine. Kwa upande wa pili, vitabu vya Honda vya magari huonya kwamba oili ya kiwandani isimwagwe kabla ya wakati wake. Fundi wa mtaani akisikia hivyo hucheka, na mwenye gari hubaki njia panda. Mimi hufuata kitabu cha chombo husika, kwa kuwa aliyeiweka oili ile ndiye anajua aliiweka kwa nia gani.

Kwa magari madogo, wengi wetu hatutapata nafasi ya kuyafanya haya kamwe, kwa kuwa tunanunua mitumba. Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka minane, na hata lile la miaka saba lilishazoeshwa zamani. Vitz au Probox unayoisifia kwa kutokula oili ilifundishwa adabu na mtu wa Osaka au Nagoya ambaye pengine alikuwa akienda kazini tu. Tunaishi juu ya wema wa madereva tusiowajua. Uingereza, miaka ya 1950 na 1960, mwenye gari jipya aliweka kibao kwenye kioo cha nyuma kuwaambia wenzake kwamba injini inazoeshwa, wampite tafadhali. Hapa kwetu basi limejaa maandishi kuanzia bampa hadi paa, dua, vijembe, majina ya wachezaji, na hakuna hata moja lenye unyenyekevu huo.

Na huenda ufundi wenyewe hauna maisha marefu. Kigali na Nairobi pikipiki za umeme zimeshaingia barabarani, nazo hazina ringi wala silinda. Zitabaki tairi na breki. Lakini kijiweni kwetu petroli bado ndiyo inayolisha watu, na pale kikwazo si ujinga. Vijana wengi wa bodaboda ukiwaeleza habari ya mzigo na joto wanakuelewa kabla hujamaliza. Ila pikipiki ni ya mkataba, tajiri anataka hesabu yake kila jioni kuanzia siku ya kwanza, na hesabu haijui kama injini ina kilomita 12 au 12,000. Ukimwambia kijana abebe abiria mmoja tu na apumzishe chombo mchana, umemwambia alale na njaa ili kulinda mali ya mwingine. Kwa hiyo ufundi huu unaanzia mezani, kabla funguo hazijatolewa. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000. Tajiri akipokea nusu kwa wiki mbili, amepoteza 70,000, na fundi akishaifungua injini, fedha hiyo inaweza kuisha kwa ufundi na spea. Wapo wanaolielewa hilo. Niliwahi kusikia wawili wakipatana nje ya duka la pikipiki, nailoni bado iko kwenye kiti.

"Bosi, wiki mbili nikuletee tano, halafu ndiyo tuanze kumi."

"Tano hapana. Lete saba."

"Saba sawa, ila oili ya kwanza juu yako."

"Oili juu yangu, lakini nisisikie umepakia mshikaki."