Mikono ya Mama katika Filamu Zetu

Mtu atokaye Kibaha asubuhi kwenda Kisarawe huwakuta njiani wajenzi wa taifa hili: mama mwenye mzigo wa kuni kichwani, mama mwenye jembe begani na mtoto mgongoni, mama aliyeketi barazani akisuka ukili, na mwingine akimenya muhogo. Wapita njia wote huwaona. Wanaowatazama ni wachache. Baina ya kuona na kutazama pana umbali mkubwa, na kazi ya msanii ni kutuvusha umbali huo. Katika makala haya tunakusudia kuzipima filamu chache zilizotengenezwa na wanawake wa Afrika, tuone zimetuvusha kwa kiasi gani, na zina somo gani kwa walimu na wanafunzi wetu.

Filamu za namna hii zimepata jukwaa karibu nasi. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ambalo pia huitwa Tamasha la Nchi za Jahazi, lilianza mwaka 1998. Watazamaji hukusanyika Ngome Kongwe, na katika historia yake tamasha hilo limewahi kutenga sehemu maalumu ya wanawake, na kuzipeleka filamu vijijini Unguja na Pemba. Hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, yatupasa tuangalie tunapongeza nini. Kuwa mwanamke si sifa ya filamu. Tukimsifu mtunzi kwa sababu tu ni mwanamke, tutakuwa kama mwalimu ampaye mwanafunzi alama kwa kutazama jina lake juu ya daftari, bila kuisoma insha yake. Heshima ya kweli ni kuisoma insha.

Yafaa kwanza tukumbuke kamera ilikujaje kwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, yaliendeshwa majaribio ya kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika. Filamu hizo zilifundisha mambo kama vile kuweka akiba posta na kujikinga na safura. Baadhi ya mafunzo hayo yalikuwa na manufaa, lakini mpango wake ulikuwa mmoja: mtaalamu anena, mwanakijiji asikilize. Baada ya Uhuru, Serikali yetu ilianzisha kitengo chake cha filamu mwaka 1963, na mwaka 1968 likaundwa shirika la filamu la taifa. Shabaha ilibadilika, kwani sasa tulikuwa tukijenga nchi yetu wenyewe. Lakini desturi ya sauti ya msimulizi kuitangulia picha haikutoka upesi. Mama wa kijijini alionyeshwa, akaelezwa, akashauriwa. Ni mara chache alipoachwa afanye kazi yake mpaka mwisho huku sisi tukimtazama.

Hapo ndipo tunapouona ukubwa wa Flora M'mbugu-Schelling, Mtanzania mwenzetu. Mwaka 1987 alitoa filamu iitwayo Kumekucha, na mwaka 1992 akatoa These Hands, yaani Mikono Hii. Filamu hii ya pili, yenye urefu wa dakika 45 hivi, inawahusu wanawake wakimbizi kutoka Msumbiji waliokuwa wakiponda mawe kuwa kokoto katika machimbo yaliyo nje kidogo ya Dar es Salaam. Hakuna msimulizi anayetufafanulia picha. Tunasikia nyundo na mawe, tunasikia nyimbo za wanawake wenyewe, na tunawaona watoto kando ya mama zao. Nyundo inapanda, inashuka, na jiwe linapungua polepole.

Mtazamaji asiyezoea atalalamika kwamba hakuna kinachotokea. Sisi twasema kwamba kinachotokea ndicho hicho. Angekuwa mtunzi mwingine, angetuonyesha nyundo mara tatu, kisha angetuletea sauti nzito ya kutueleza kuwa kazi ile ni ngumu, nasi tungekubali haraka na kusahau haraka. M'mbugu-Schelling anaiacha nyundo igonge hadi mtazamaji mwenyewe aanze kuchoka. Katika uchovu huo mdogo wa mtu aliyekaa kitini ndipo anapoanza kuukisia uchovu mkubwa wa yule aliyekaa juu ya mawe. Huo ndio ufundi wa filamu hii: muda wa kazi umepewa heshima yake.

Mtu asidhani kwamba ufundi wa namna hiyo ni mgeni kwa watu wa Kisarawe. Katika jadi ya Wazaramo, mwali aliyewekwa ndani alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kichwa na kiwiliwili. Mwana hiti hasemi neno, na kwa kawaida hana mikono. Mwali ndiye aliyemwosha, akampaka mafuta na kumtunza kama mtoto, na kwa kufanya hivyo siku baada ya siku akajifunza alichopaswa kujifunza. Makungwi waliokuwa wakimfunda walijua kwamba sanamu iliyo kimya humfundisha yule anayekubali kukaa nayo. Filamu ya Mikono Hii hufundisha kwa njia iyo hiyo. Basi tunapoambiwa kwamba wanawake wa Afrika wameingia katika sanaa ya picha siku hizi, na tujibu kwamba chombo ndicho kipya. Maarifa ya kufunda kwa picha walikuwa nayo zamani.

Ushahidi wa maarifa hayo tunaupata pia mbali na Pwani. Sarah Maldoror alitengeneza Sambizanga, filamu ya mwaka 1972 juu ya mapambano ya Angola, ambayo mwaka huo ilipata tuzo kuu katika tamasha la Carthage, nchini Tunisia. Filamu nyingi za ukombozi hutuonyesha bunduki. Maldoror anamfuata Maria, mke wa mfungwa, akitembea kwa miguu na mtoto wake kutoka kituo hadi kituo akimtafuta mumewe. Katika mwendo ule tunaelewa kwamba vita vya ukombozi vilipiganwa pia na nyayo za wanawake. Naye Safi Faye wa Senegal, katika Kaddu Beykat ya mwaka 1975, aliwaacha wakulima wa kijiji cha wazee wake wazungumzie taabu ya kutegemea zao moja la karanga. Mkulima wa Kisarawe anayeijua bei ya korosho inavyopanda na kushuka hahitaji mkalimani ili aielewe filamu hiyo.

Siku hizi wanawake wetu wametoa kazi za namna nyingine. Binti ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Seko Shamte na kutayarishwa na Alinda na Angela Ruhinda, inasimulia mikasa ya wanawake wanne wa Dar es Salaam: deni la biashara, ukatili wa mchumba, kiu ya kupata mtoto, na malezi ya mtoto mwenye mahitaji maalumu. Tunaisifu kwa ujasiri wa kuyatoa chumbani mambo ambayo jamii hupenda yafichwe chumbani. Ila kwa mizani yetu, pengine maneno yake hurudia jambo ambalo uso wa mwigizaji umekwisha kulisema. Hapo ingefaa imwamini zaidi mtazamaji, kama M'mbugu-Schelling alivyomwamini.

Wapo watakaosema kwamba kumwonyesha mama akiponda mawe ni kulitangaza taifa kwa umaskini. Hoja hiyo haina nguvu. Aibu haimo katika kuonyesha kazi. Imo katika kuzijenga nyumba zetu kwa kokoto za mama yule na kisha kuona haya kumtazama. Hoja iliyo nzito zaidi ni kwamba kimya kina hatari yake. Kijana wa leo aweza kuitazama Mikono Hii asijue wanawake wale walifikaje pale. Hajui kwamba Msumbiji, baada ya kupata uhuru mwaka 1975, iliingia katika vita vilivyowafukuza watu wengi makwao, na kwamba mapatano ya amani yalitiwa sahihi Roma mwezi Oktoba 1992, mwaka ule ule wa filamu hii. Hapa ndipo anapohitajika mwalimu. Filamu imempa picha. Historia ailete yeye.

Wilaya zetu hazikosi mahali pa kuanzia. Kibaha kuna Shirika la Elimu, lililoanza mwaka 1963 kwa ushirikiano na nchi za Ulaya ya Kaskazini. Kisarawe kuna Minaki, shule yenye sifa ya miaka mingi. Filamu hizi zisiishie Ngome Kongwe mbele ya wageni na wapenzi wa sanaa. Na zionyeshwe katika shule kama hizo, kisha mwalimu wa Kiswahili awape wanafunzi zoezi moja: kila mmoja amtazame mama mmoja kazini, tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho, awe anasuka mkeka au anapalilia shamba, halafu aandike alichokiona bila kuongeza neno la huruma wala la sifa. Wengi wataliona zoezi hilo kuwa gumu kuliko insha yoyote waliyowahi kuandika. Watakaoliweza, wasichana kwa wavulana, tayari watakuwa wameanza kuisoma kazi ya kina M'mbugu-Schelling, na huenda miongoni mwao akatokea atakayeishika kamera na kuja kututazama sisi.