Ufunguo Uliofutwa na Mtafutaji

Mliolitazama onyesho la juma lililopita mtaikumbuka dakika ya 19. Fundi alikuwa amekwisha kuiendesha programu yake ya kutafuta funguo, nayo ilikuwa imemrudishia ufunguo wa Windows peke yake. Ufunguo wa mchezo wa Generals haukuwamo, wala wa Half-Life, na hizo mbili ndizo alizozitaka yule kijana aliyeileta kompyuta ya marehemu kaka yake. Fundi akafikiri kidogo, akaazima ufunguo wa Generals kwa mwenzake wa meza ya pili, akatia diski, akausakinisha mchezo upya juu ya ule uliokuwamo, kisha akamgeukia kijana akamwambia, "Usihofu, mdogo wangu, sasa programu itapata mahali pa kusoma." Programu ikarudi mikono mitupu mara ya pili. Ndipo, katika dakika ya 27, alipoifungua Regedit, kihariri cha rejista, yaani daftari la mipangilio la Windows, akatafuta neno ergc, akafika pale alipopaswa kufika tangu mwanzo, na ufunguo aliokuta pale ulikuwa ule ule wa kuazima. Nimeirudia sehemu hiyo mara nne kwa nia ya kumtafutia udhuru, maana namheshimu, na udhuru sikuuona: aliuandika ufunguo mgeni juu ya ufunguo aliotumwa kuutafuta.

Kufungua sanduku, kupangusa vumbi na kuipima afya ya diski kabla ya kazi, yote hayo aliyafanya vizuri.

Ajabu ni kwamba ile orodha tupu ya mara ya kwanza haikuwa na siri yoyote. Kompyuta ilikuwa na Windows 7 ya biti 64, na Generals ni mchezo wa mwaka 2003, wa biti 32. Windows ya namna hiyo haiiachi programu ya biti 32 iandike mambo yake moja kwa moja katika tawi la SOFTWARE la rejista. Huielekeza, bila ya kuiarifu, kwenye tawi la pembeni liitwalo Wow6432Node, na programu hiyo ikirudi kusoma huelekezwa huko huko, hata ikaishi umri wake wote ikidhani kwamba iko nyumbani. Ufunguo wa Generals hukaa chini ya Electronic Arts, kisha EA Games, kisha Generals, ndani ya kifungu cha ergc. Programu ya fundi, ambayo ilikuwa ya biti 64, iliifuata njia hiyo chini ya SOFTWARE, ikakuta hakuna kitu, ikasema hakuna kitu. Ilisema kweli, ila ilisema kweli ya chumba kimoja ilhali nyumba ina vyumba viwili. Lau fundi angeliiendesha programu ile ile kwa toleo lake la biti 32, Windows yenyewe ingelimpeleka kwenye chumba cha pili bila ya yeye kujua, na kazi ingelikwisha kabla chai haijapoa. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanaijua chuki yangu juu ya jambo hili, kadhalika juu ya desturi ya kuziweka faili za biti 64 katika folda ya System32 na zile za biti 32 katika SysWOW64. Nimekwisha kuliandika mara nyingi, na maadamu mafundi hodari wangali wanapotea katika njia panda hiyo, nitaliandika tena.

Lakini kupotea njia si taksiri kubwa. Taksiri kubwa ni kuandika katika diski ambayo bado inatafutwa kitu. Tazameni kilichotokea ndani ya rejista saa ile. Kila thamani inayohifadhiwa humo imepewa seli yake katika faili, na seli hiyo hutanguliwa na namba ya ukubwa wake. Namba ikiwa hasi, seli inatumika, na ikiwa chanya, seli iko huru. Mtu akiufuta ufunguo, aghalabu kinachobadilika ni alama hiyo tu, na herufi zenyewe hubaki zimelala mahali pake mpaka kitu kingine kihitaji nafasi ile, kiasi kwamba mwenye subira na kihariri cha baiti aweza kuzisoma siku nyingi baadaye. Bali mtu akiandika thamani mpya ambayo haizidi nafasi ya ile ya zamani, Windows haina haja ya seli nyingine. Huandika hapo hapo. Na funguo za mchezo mmoja zina idadi moja ya herufi. Kwa hiyo, katika njia zote zilizokuwapo za kuukosea ufunguo wa marehemu, fundi aliichagua ile isiyoacha athari: kuufuta kungelikuwa nafuu kuliko kuuandikia juu yake.

Wazee wetu wa kazi hii walilijua hilo kabla rejista haijazaliwa. Mwaka 1982 Peter Norton alipotoa programu zake, na UnErase ikiwa miongoni mwao, msingi wote wa ufundi wake ulikuwa huo: kwamba DOS ikifuta faili hubadilisha herufi ya kwanza ya jina na kuihesabu nafasi yake kuwa huru, lakini yaliyomo hayaguswi, na kwamba mwenye kutaka kuyapata asiandike kitu chochote katika diski ile mpaka ayapate. Mtu aliyejifunza kwa Norton angeliona diski ya marehemu, akaing'oa, akaiunganisha na kompyuta nyingine, akanakili faili za rejista, yaani SOFTWARE na NTUSER.DAT, pamoja na faili za LOG zilizo ubavuni mwake, akaitia diski yenyewe kabatini, na ndipo akaanza kufikiri.

Mwishoni fundi alijitetea kwamba alitaka kuona mchezo unaandika wapi. Nia hiyo naikubali. Ni nia ya mtafiti. Lakini chombo cha kazi hiyo kipo tangu enzi za Regmon ya Mark Russinovich na Bryce Cogswell, na tangu mwaka 2006 kinaitwa Process Monitor, nacho huonyesha kila njia ya rejista inayoguswa na kila programu. Angelikiwasha akaichunguza ile programu yake mwenyewe ya kutafuta funguo, na angeliiona ikibisha hodi kwenye SOFTWARE na kujibiwa kwamba jina halipo. Pale pale angelijua kwamba mgonjwa ni programu wala si diski. Na kama alitaka kuuona usakinishaji wenyewe, kompyuta ya mwenzake ilikuwa pale, kwenye meza ya pili.

Kuhusu programu hizo za kutafuta funguo, niseme neno moja ambalo nimelibeba kwa muda mrefu. Mimi pia niliwahi kulipia moja iliyotangazwa kuwa yaijua michezo yote, yenye sura nzuri na vitufe vya kumeremeta, na isiponionyesha kitu sikuwa na njia ya kuiuliza imetafuta wapi. Magical Jelly Bean Keyfinder ya zamani ilikuwa na sura ya karani, lakini orodha ya njia zake ilikaa katika faili ya maandishi ya kawaida, na mtu aliweza kuifungua, kuisoma na kuongeza mstari wake. Hiyo ndiyo insafu ninayoitaka kwa chombo cha kazi.

Half-Life ilipita bila ya kutazamwa sawasawa, na hapo ndipo penye bahati. Mchezo ule wa mwaka 1998, katika toleo lake la asili, huweka tarakimu zake 13 katika upande wa mtumiaji wala si katika upande wa mashine, na fundi, kwa kuwa hakuijua nywila ya marehemu, aliingia kwa akaunti mpya aliyoifungua mwenyewe. Basi programu ikapekua mifuko ya mtu ambaye hajawahi kuucheza mchezo huo. Ufunguo wa marehemu haukuguswa. Umo katika NTUSER.DAT ndani ya folda yake.

Basi kijana yule, kama atayasoma haya, na aizime kompyuta asiiwashe tena. Diski itiwe katika mashine nyingine, NTUSER.DAT inakiliwe, nakala ipakiwe katika Regedit kwa amri ya Load Hive, na ashuke Software, Valve, Half-Life, Settings. Kwa Generals imebaki njia moja nyembamba: Windows 7 huweka kila baada ya siku kadhaa nakala ya rejista katika folda ya RegBack, chini ya System32\config, na kama kompyuta haikuachwa ikiwaka mpaka nakala hiyo ikafanywa upya, SOFTWARE iliyomo humo ni ya kabla ya dakika ya 19.